Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: msituambie tu kwamba tutazoea

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo,
Mshauri wa Wanafunzi,
Wakuu wa Idara na wahadhiri wote wa mwaka wa kwanza.

YAH: WANAFUNZI WAKIMYA WA MWAKA WA KWANZA

Waheshimiwa, shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, sasa hivi tuko semesta ya pili, na naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimeshazipitia na zote zimeishia hewani. Niliandika barua pepe idarani kueleza shida tunazopata sisi wenye aibu ya kuongea na watu, nikajibiwa mstari mmoja kwamba nitazoea. Nikaweka karatasi kwenye sanduku la maoni, kimya mpaka leo. Nikamfata kiongozi wetu wa darasa akalipeleka kwenye kikao, akarudi akaniambia wakubwa wamesema hayo ni mambo binafsi ya mtu na chuo sio sekondari. Kwa mtu wa aina yangu kumfata mtu na kumweleza shida yako sio jambo dogo hata kidogo, na hii barua nimeifikiria muda mrefu sana kabla ya kuiandika, ila naona nikinyamaza tena mwakani wataingia wengine na yatawakuta haya haya.

Ninachotaka mkielewe ni kitu kimoja. Hapa chuoni misaada ya mwanafunzi mgeni ipo, sikatai, lakini karibu yote ili uipate lazima uiombe kwa mdomo, mbele za watu, na chapchap kabla nafasi haijaenda kwa mwingine. Aliyezoea kuongea na watu asiowajua anaipata wiki ya kwanza. Sisi wengine tunamaliza semesta nzima ndo tunakuja kusikia kumbe kulikuwa na mazoezi ya ziada ya hesabu, kumbe ungeweza kuomba kubadilishiwa grupu, kumbe mhadhiri huwaga anapokea wanafunzi ofisini alhamisi mchana.

Na msidhani tuko wachache. Mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Philip Zimbardo, alianza kuwauliza watu kuhusu aibu miaka ya 1970, na takriban asilimia 40 walisema wao ni watu wenye aibu. Chukueni ukumbi wowote wa mwaka wa kwanza muangalie, hata mkiikata hiyo hesabu nusu bado ni safu kadhaa za viti. Hamtuoni kwa sababu hatunyooshi mikono, hatuji ofisini na hatulalamiki, kwahiyo kwenye macho yenu mambo yako sawa.

Niliweke wazi na hili mapema, kwa sababu linatuumiza: mtu mkimya haringi. Mtu amekaa pembeni, hajasalimia, ameinamia simu, watu wanamhesabia kwamba anajiona. Kumbe muda wote huo kichwani anapanga sentensi moja ya kuanzia, anaipanga anaifuta, anaipanga tena, mpaka wenzake wanaondoka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki ya kuwapokea wageni

Ile wiki imetengenezwa kwa ajili ya watu wachangamfu. Muziki, michezo, mashindano ya kucheza, mtu anapewa maiki asimame aseme jina, kosi na kitu gani cha kuchekesha kuhusu yeye mbele ya ukumbi mzima. Sisemi muifute, kuna watu wameifurahia na ni haki yao. Tatizo ni kwamba katikati ya zile kelele ndo yanatangazwa mambo ya lazima, jinsi ya kusajili masomo kwenye mfumo, mwisho wa kubadilisha kosi, maktaba inatumikaje, ukiumwa siku ya mtihani unafanyaje. Aliyetoka nje kupumua kidogo kayakosa, na baadae hakuna karatasi wala ukurasa ulioyaandika yote sehemu moja, inabidi uulize. Tunarudi pale pale.

Alafu ikiisha ile wiki ndo basi, kuanzia jumatatu mnatuhesabu sote tumeshakuwa wenyeji. Chuo Kikuu cha South Carolina kule Marekani tangu mwaka 1972 kina somo kabisa la mwaka wa kwanza la kumfundisha mwanafunzi maisha ya chuo, darasa dogo, semesta nzima, na vyuo vingi vimeiga. Kwahiyo wazo la kwamba mgeni anahitaji miezi na sio siku tano sijalitunga mimi.

2. Grupu za asainmenti

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo pameniumiza kuliko sehemu zote.

Mhadhiri anamaliza kipindi, zimebaki dakika chache, anasema tengenezeni grupu za watu watano, niandikieni majina kwenye karatasi kabla hamjatoka. Anakusanya vitu vyake. Hapo hapo ukumbi unageuka. Waliotoka shule moja wanaitana kwa majina toka juu mpaka chini, wanaokaa hosteli moja wanahesabiana vidole, mtu anapiga kelele "bado mmoja!" na kabla hujanyanyuka ameshapatikana. Karatasi inapita juu ya kichwa chako kwenda safu ya nyuma. Unajifanya unaandika kitu kwenye daftari ili usionekane umekaa tu. Dakika zile ni ndefu jamani. Mwisho mnabaki watu wachache mmetawanyika ukumbini, mhadhiri anasema kwa sauti "ambao hamna grupu njooni mbele," na ndo mnashuka mnaangaliwa, mnaundwa grupu moja la watu ambao hakuna anayeweza kuanza kuongea.

Sasa grupu la namna hiyo nani ataitisha diskasheni? Nani atamwambia mwenzake hujafanya sehemu yako? Kwenye grupu letu la kwanza tulifungua grupu la simu, mtu mmoja akaandika "habari zenu," wengine wakajibu "nzuri," ikaisha hivyo karibu wiki mbili. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwingine aanze. Kazi ilikuja kufanywa usiku wa mwisho na watu wawili, na maksi zilikuwa zile unazozitegemea. Sio kwamba hatukujua somo, mmoja wetu alilijua kuliko darasa zima na mitihani ilikuja kuonyesha hivyo.

Waheshimiwa, majina yote ya wanafunzi mnayo kwenye kompyuta. Kuyapanga kwa grupu na kuyabandika ni kazi ya dakika chache. Na mkishayapanga wapeni watu na majukumu ya kuanzia, huyu mwenyekiti wiki hii, huyu katibu, wiki ijayo wabadilishane. Mtu mwenye aibu akipewa kazi yenye jina anaongea vizuri tu, kwa sababu sasa ana sababu ya kuongea, hajiulizi tena watamuonaje.

3. Maswali darasani na maksi za kushiriki

Kuna masomo yanatoa maksi za kushiriki na "kushiriki" maana yake ni kunyoosha mkono. Basi. Ukisoma kabla ya kipindi, ukiandika maswali mazuri, ukimsaidia mwenzako baada ya kipindi, haihesabiki.

Na hata huo mkono wenyewe muda wa kuunyoosha hakuna. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima jambo hili kwenye miaka ya 1970, akakuta mwalimu akiuliza swali husubiri kwa wastani kama sekunde 1 tu kabla ya kumchagua mtu au kujijibu mwenyewe. Alipowafanya walimu wasubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, yenye kufikiria zaidi, na wanafunzi ambao walikuwa hawaongei wakaanza kuongea. Sekunde 3! Hakuna bajeti hapo, hakuna kikao cha seneti.

Njia nyingine aliileta Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1981: kila mtu anafikiria kwanza peke yake, anamwambia jirani yake, ndo baadae mnaongea kama darasa. Mhadhiri wetu mmoja, na namshukuru kwa dhati, anafanya hivi hivi. Kwenye kipindi chake nimewahi kuongea, kwa sababu jibu langu lilishapita kwa jirani, akasema "hiyo iko poa, iseme," na nikaisema. Masomo mengine yote sijawahi kufungua mdomo toka nimefika. Mimi ni yule yule, ukumbi ni ule ule.

4. Presentesheni

Kwa kifupi. Presentesheni yetu ya kwanza kabisa ilikuwa mbele ya darasa zima, hakuna aliyewahi kutufundisha jinsi ya kuifanya, na makosa yalisemwa hapo hapo mbele za watu. Mwenzetu mmoja alisimama, sauti ikakata, watu wakacheka, mhadhiri akasema "next." Yule dada hakuja tena kwenye hilo somo kwa muda mrefu. Naomba yeyote aliyekuwepo siku ile ajiulize yule alijifunza nini.

5. Dirisha la ofisi na chumba cha ushauri

Ukiwa na shida ya usajili au matokeo unaenda dirishani. Ni kioo chenye tundu, aliye ndani hasikii vizuri, kwahiyo inabidi upaze sauti useme namba yako na shida yako na foleni yote nyuma inasikia umekosa maksi za somo gani. Nimeona watu wanafika karibu na dirisha wanageuka wanaondoka. Mimi mwenyewe matokeo yangu ya somo moja yalikaa bila kuonekana kwenye mfumo karibu semesta nzima, kwa sababu hakuna fomu, hakuna barua pepe inayojibiwa, kuna dirisha tu.

Chumba cha ushauri nasaha nacho mlango wake uko kwenye korido inayopita kila mtu kwenda darasani, na kwa nje kuna benchi la kusubiria. Ukikaa pale umeshatangazwa. Kuna aibu ya kawaida ambayo mtu anaendelea nayo na maisha yake, na kuna hofu ya watu iliyofika kiwango cha kumfungia mtu chumbani, asile na wenzake, akose mtihani. Hiyo ya pili wataalamu wanaitambua kama tatizo la kiafya, kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili imeingizwa tangu mwaka 1980, na inatibika, mara nyingi kwa mazungumzo na mtaalamu. Lakini angalieni mlivyopanga: mtu anayeogopa kutazamwa, ili atibiwe kuogopa kutazamwa, lazima kwanza akae akitazamwa.

6. Vyumba

Semesta ya kwanza nilipata mtu wa kukaa nae chumbani. Hatukuongea sana mwanzoni, baadae tukaanza kwenda wote maktaba, alafu tukawa tunasubiriana. Semesta ya pili ikaja orodha mpya, kila mtu kwengine, bila sababu yoyote iliyoelezwa. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, mwaka 2018 alitoa makadirio kwamba watu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili kutoka kufahamiana tu mpaka kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili kuwa marafiki wa karibu. Mtu mchangamfu atazipata saa zake popote. Sisi saa zetu zinapatikana chumbani na korido ya chumba, mkituhamisha mnatuanzisha sifuri. Kama kuna ulazima wa kuhamisha watu sawa, ila mtu aulizwe kwanza.

Sasa najua mtakachojibu, nyingine nimeshajibiwa tayari.

Mtasema ni mambo binafsi. Vincent Tinto, mtu aliyetumia maisha yake kusoma kwa nini wanafunzi wanaacha chuo, tangu mwaka 1975 alieleza kwamba mwanafunzi anabaki au anaondoka kutegemea amejiunga kiasi gani na masomo na pia na watu wa chuo, vyote viwili. Kama kukosa mtu hata mmoja wa kuongea nae kunaweza kumfanya mtu aache masomo, hilo ni jambo la chuo.

Mtasema kazini hakuna wa kumbembeleza mtu, waajiri wanataka wanaojieleza. Nakubaliana na nyie kabisa! Nataka kujieleza. Ndo maana naomba nifundishwe, nianze mbele ya watu watano, alafu ishirini, alafu ukumbi. Anayejifunza kuogelea haanzi kwa kusukumwa kwenye kina kirefu, alafu akizama tukasema maji hayamfai. Sijaomba msamaha wa presentesheni hata moja humu ndani, someni tena kama nimeomba.

Mtasema wanafunzi ni wengi, wahadhiri wachache. Ni kweli na tunawaonea huruma walimu wetu. Lakini wingi huo huo ndo unafanya mkimya apotee, na mengi niliyoyataja hayaongezi kazi, yanabadilisha tu jinsi kazi inavyofanyika.

Na kuna jibu la "jichanganyeni tu." Hili linasemwa kwa nia njema na mimi halinikasirishi. Ila mtu mwenye aibu anaamini kila akiongea ameharibu. Mwaka 2018 watafiti akina Erica Boothby walionyesha kwamba watu wasiojuana wakimaliza kuongea, kila mmoja hudhani mwenzake hakumpenda kama alivyompenda kweli, na waliwafatilia mpaka wanafunzi wanaokaa pamoja wakakuta hali hiyo inadumu kwa miezi. Nilivyosoma hii nilikaa nayo siku nzima. Kwa nini hakuna aliyetuambia wiki ya kwanza? Mnatuambia faini ya kuchelewesha kitabu maktaba, na hili la kwamba karibu kila mtu anatoka kwenye mazungumzo akijidharau bila sababu hamtuambii.

Ninachoomba basi, na naomba kijibiwe kimoja kimoja:

Grupu zote za mwaka wa kwanza zipangwe na idara, ziwe na majukumu ya kuzunguka, na mhadhiri aulizie maendeleo yake katikati, sio siku ya kukusanya tu.

Maksi za kushiriki zihesabu na maandishi. Mtu aweze kuleta swali kwenye karatasi au kwenye mfumo na lihesabike sawa na la mkono.

Presentesheni ya kwanza ya kila mwanafunzi ifanyike kwenye kundi dogo, na makosa aambiwe pembeni.

Kuwe na fomu au barua pepe inayojibiwa kwa mambo ya usajili na matokeo, pamoja na miadi ya ushauri nasaha kwa ujumbe wa simu bila kukaa benchini. Kama chumba kinaweza kuhamishwa kihamishwe.

Kila kundi dogo la wageni lipewe mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili au wa tatu ambaye yeye ndo anawatafuta, hasubiri kutafutwa, walau semesta nzima. Na hao wakongwe wawasimulie wageni ukweli, kwamba na wao mwanzo walijiona hawastahili kuwepo hapa na ilivyokuja kubadilika. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walilifanyia majaribio jambo linalofanana na hili, zoezi la kama saa 1 tu, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha wanafunzi weusi wa chuo kimoja Marekani wakipanda kimasomo mpaka wanamaliza miaka yao ya chuo. Saa 1, ndani ya wiki ambayo tayari mnayo.

Na orodha ya vyumba ya mwakani isitoke kabla watu hawajaulizwa.

Kuna wenzangu wamenisoma kabla sijaiweka hii, wamesema weka na majina yetu, alafu usiku wakanitumia ujumbe niyatoe. Nimeyatoa, na langu pia silitaji, naomba msidhani nimejificha kwa sababu nimesema uongo. Kila nilichokiandika kinaweza kuthibitishwa kwa kwenda kukaa kwenye ukumbi wowote wa mwaka wa kwanza siku ya kugawa grupu, au kusimama kwenye foleni ya dirishani nusu saa. Majibu yenu yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo au yakitumwa kwa wanafunzi wote kwa barua pepe yatanifikia. Naomba yawe yametoka kabla ratiba ya kuwapokea wageni wa mwakani haijapangwa, kwa sababu ikishapangwa mtatuambia muda umeisha.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza